Mtihani wa Bibi Mtoni

Bibi yangu ni fundi cherehani, ana miaka sabini na mbili, na nikisema hajui kukaa kitako sitii chumvi hata punje. Amekuwa akishona sare za shule zaidi ya miaka arobaini katika chumba kilekile cha mbele: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, sketi za bluu zimetundikwa kwenye misumari, vishikizo vimejaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, na chaki ya kukatia nguo iko nyuma ya sikio lake mpaka anaisahau na kwenda nayo harusini. Mimi ni mjukuu wake wa kwanza. Ananiita mke mwenzangu, kwa sababu anadai tumeolewa na mume mmoja, yaani Babu, na kwamba mimi ndiye yule mke mdogo mvivu anayeamka jua limeshawaka. Babu akisikia hivyo husema anatupa talaka wote wawili, apumzike.

Lakini cherehani ni kazi tu. Ugonjwa wa Bibi ni trauti.

Trauti, kwa asiyemjua, ni samaki wa mito midogo ya mlimani, wa maji baridi yanayouma meno. Ana madoadoa ubavuni na wasiwasi mwingi. Ukikanyaga jiwe likalia, ameshakusikia. Kivuli chako kikigusa maji, ameshahama. Bibi alikutana naye akiwa bado bibi harusi, alipoitwa kwenye kituo cha kufugia vifaranga vya samaki ili awapime wafanyakazi mabwelasuti. Msimamizi wa kituo alikuwa akivua samaki, akampa ufito wa kuvulia amshikie kidogo wakati yeye anajaribu suruali. Samaki akauma. Bibi alikwenda kupima watu nguo, akarudi na maradhi ambayo mpaka leo hayajapata dawa.

Trauti wa Bibi havuliwi kwa nyungunyungu. Anavuliwa kwa mdudu wa bandia, kindoana kilichofungwa uzi na manyoya ya kuku kikafanana na nzi. Bibi anawatengeneza mwenyewe mezani kwa mabaki ya nyuzi za sare, na kila mdudu ana jina la shule. Kuna Msingi, wa bluu na nyeupe. Kuna Ufundi, wa kijivu. Na kuna Sekondari ya Wasichana, wa maruni, ambaye Bibi anaapa kwamba samaki wanaokaa mtoni juu kidogo ya daraja hawawezi kumpita bila kugeuza shingo. Nilimwambia samaki hana shingo. Akaniambia ndiyo maana sijaolewa na mtu mwingine zaidi ya Babu.

Kwa miaka sita nimekuwa nikienda naye kila Jumamosi. Siku nyingine zote mimi hukaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, nikiwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba kwamba daktari anakuja sasa hivi, uongo mtupu. Kwa hiyo Jumamosi ni yangu pia. Nawaambia mapema msije mkadhani mimi ni malaika katika habari hii.

Basi mwezi wa pili Bibi akateleza bafuni. Sabuni. Hakuvunjika kitu, lakini nyonga ilivimba, akatembelea mkongojo wiki tatu, na watoto wake wawili wakaitisha kikao. Mkubwa ni mama yangu, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji, mwanamke ambaye akikuangalia tu unanyoosha mkono upigwe sindano. Mdogo ni Mjomba, mwalimu wa udereva, mtu wa taratibu mpaka kero. Nyumbani kwake akitoka chumbani kwenda sebuleni anaangalia kushoto na kulia. Wakakaa sebuleni kwa Bibi wakijadili hatari ya mto, mawe yenye utelezi, umri, mifupa, huku Bibi mwenyewe amekaa palepale akishona vishikizo.

"Mnamzungumzia nani?" akauliza.

"Wewe, Mama," akasema Mjomba.

"Basi nikaribisheni kwenye mazungumzo."

Wakamkaribisha, wakajuta. Bibi aliweka sindano chini akasema maneno yake mara moja. Jumamosi twende wote. Yeye atavua kuanzia darajani mpaka kwenye bwawa la juu, mbele ya mashahidi. Akianguka hata mara moja, ufito wake Mjomba aende nao, akaufungie stoo pamoja na matairi yake mabovu, na yeye hatakanyaga mto tena. Asipoanguka, wamwache, wasimuulize tena habari za mto mpaka siku wanamzika.

"Nimekubali," akasema Mama upesi mno.

Mimi nilichukia. Nilichukia mpaka chai ikanipalia. Nilikuwa najua Jumamosi inamfanyia nini yule mwanamke. Anapanda mlima akilalamika magoti, anashuka anaimba nyimbo za mchakamchaka. Ukimnyang'anya mto unambakiza na vishikizo, na mimi sikutaka kuwa na Bibi wa vishikizo peke yake. Nikamwambia Mama kwamba huo ni uonevu. Mama akaniambia uonevu ni kumlaza mama yako mzazi kwenye kitanda chenye kamba za kuvuta mguu. Tukanuniana siku mbili.

Jumamosi ikafika. Tulipanda kwa gari la shule ya udereva, lile lenye kibao juu ya paa na breki mbili, sisi watu sita: Bibi na ufito wake, Babu na mto wa kulalia na gazeti, Mama na mashine ya kupimia presha, Mjomba na filimbi shingoni, mimi, na binti wa Mjomba wa miaka mitano tunayemwita Kasuku, kwa sababu hana akiba ya neno. Mama alimpima Bibi presha kabla hajashuka garini. Mia na thelathini kwa themanini. Akaiandika kwenye daftari.

Halafu Mjomba akafungua buti. Haki ya Mungu, sikuamini macho yangu. Alikuwa amebeba zile koni za barabarani, za rangi ya chungwa, sita. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mtoni kupanga koni juu ya kila jiwe aliloliona lina utelezi. Maji yale ni membamba, mahali pengine unaruka ng'ambo bila kuchukua kasi, na yanang'aa mpaka unahesabu kokoto. Trauti wote wa pale walikuwa wameshafunga mizigo yao.

Bibi alisimama darajani akamtazama mwanawe. "Hawa samaki leo wanapewa leseni?"

"Usalama kwanza, Mama."

"Na wewe ukianguka nani anakufungia stoo?"

Akateleza papo hapo. Sijui ni mdomo wa Bibi au ni jiwe, lakini Mjomba alikwenda chini, chubwi, na koni mbili zikachukuliwa na maji. Kasuku alicheka mpaka akakaa chini. "Baba amefeli! Baba amefeli!" Babu akashusha gazeti, akaona kwamba si yeye anayetakiwa kumtoa, akalipandisha tena.

Kwa saa nzima Bibi alivua pale karibu na daraja bila kuguswa. Angepata wapi? Mama anamwambia "taratibu Mama, hapo pana jiwe", Mjomba anamwelekeza ashike kushoto, Kasuku anawaita samaki kwa sauti waje wale mkate. Mwishowe Bibi akageuka, uso umekunjamana. "Hapa hata chura haji. Mimi na mke mwenzangu tunapita kona ile, nyie mbaki na koni zenu."

Mama hakupenda. Zikafanyika hesabu za nani anamwamini nani, na mwishowe Mjomba akatoa filimbi yake ya akiba akanivika mimi. Utaratibu ukawa hivi: yeye akipiga, mimi nijibu. Filimbi moja, salama. Filimbi mbili, ameanguka, wanakuja.

"Na usinidanganye," akasema Mama. "Uso wako naujua."

"Uso hausikiki kwenye filimbi, Mama."

Akanifinya sikio, lakini akaniachia.

Juu ya ile kona palikuwa kimya. Mto unapita katikati ya mawe makubwa yenye ukoga, halafu unatulia kwenye dimbwi la kina cha kiuno, lenye kivuli upande mmoja. Bibi alibadilika kama kawaida yake. Akapunguza hatua, akainama kidogo, akawa anaingia majini kutoka chini kwenda juu, maana trauti husimama akiangalia maji yanakotoka, ukimjia kwa nyuma hakuoni. Nikamfuata nyuma hatua tano. Akachagua Sekondari ya Wasichana, akamlowesha ulimini, akamfunga. Akarusha mshipi mara moja, mara ya pili, mdudu akatua kwenye ukingo wa kivuli bila hata kuchora maji.

Akaliwa.

Ufito ulipinda. Bibi akapiga kelele ndogo, ya furaha, ambayo hajawahi kuipiga kwa ajili ya mtu yeyote wa familia yetu. Samaki akakimbilia juu, akageuka, akaja chini moja kwa moja, na Bibi akarudi hatua moja ili mshipi usilegee. Hatua ile moja ndiyo iliyotuponza. Niliona gambuti lake la kushoto likiteleza juu ya jiwe la kijani. Nilinyoosha mkono, sikumfikia. Akakaa majini kama mtu anayekaa kwenye kochi, maji yakamfika kifuani, ufito ameuinua juu kwa mikono miwili.

"Bibi!"

"Samaki!" akanifokea. "Mimi nimeshakaa, siendi popote. Mshike samaki!"

Nikalowesha mikono, nikamshika. Alikuwa mnene, urefu wake karibu kiganja na nusu, anang'aa, anahema. Bibi akamtazama. Halafu tukatazamana sisi kwa sisi, na ile furaha ikamtoka usoni polepole, nikaiona inavyotoka.

Na ndipo ilipolia filimbi ya Mjomba kule chini.

Bibi hakuniomba nimfiche. Nataka hilo lijulikane. Alikaa tu majini, midomo inaanza kutetemeka kwa baridi, akiniangalia mimi na ile filimbi. Nilifikiri juu ya stoo ya Mjomba, ufito umelazwa juu ya matairi. Nilifikiri juu ya Jumamosi ijayo na nyingine zote baada yake. Nikaweka filimbi mdomoni.

Nikapiga moja.

"Mwachie samaki aende," akasema Bibi. "Huyo ni shahidi."

Nikamwachia. Nikamwinua Bibi, nikampapasa nyonga, mkono, kiuno, hana hata mchubuko. Lakini alikuwa amelowa chapachapa, na maji hayaandiki cheti cha kusema yametoka wapi. Kwa hiyo nikafanya kitu pekee kilichonijia kichwani. Nikajitosa. Nilikwenda mzimamzima mpaka nywele, na nywele zenyewe nilikuwa nimezitengeneza juzi yake. Baridi ile ilinipiga mpaka nikasahau jina langu.

Tulishuka tukichuruzika, tukawakuta wanakula mayai ya kuchemsha, na mimi nikaanza hadithi kabla hawajauliza. Nimeteleza mimi, nikazama, Bibi ndiye aliyeingia kunivuta, bila Bibi leo mngekuwa mnalia. Mama akanifunika blanketi huku ananitukana. Mjomba akatoa fomu ya mtihani, fomu halisi ya shule yake ya udereva, akaandika "amefaulu" na kuipiga muhuri. Alikuwa amekuja na muhuri, jamani.

Kasuku alizunguka mara mbili, anamkagua Bibi. "Bibi, mbona umelowa mpaka kifuani tu na mabega makavu? Ulimvuta ukiwa umekaa?"

"Nyamaza, kula yai," nikamwambia.

Mama akatupima presha sote wawili. Ya Bibi mia na thelathini kwa themanini, vilevile kama asubuhi. Yangu ilipanda mpaka akaipima mara mbili, akaniuliza kama kuna kitu nimemeza.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najipongeza moyoni. Bibi aliangalia nje dirishani. Hakuimba.

Kesho yake, Jumapili, tulikula mchana kwa Bibi kama tulivyozoea, meza imesogezwa karibu na cherehani kwa sababu hatuenei. Mjomba alikuwa anaeleza habari za koni mbili zilizopotea. Bibi akainuka, akaenda chumbani, akarudi na ufito wake, ameuchomoa vipande, ameufunga kwa utepe wa kupimia. Akauweka mapajani kwa Mjomba, juu ya kitambaa cha kulia.

"Nilianguka," akasema.

Kijiko changu kilibaki hewani.

"Nilikaa kwenye dimbwi mpaka hapa. Huyu alijitosa baadaye ili kunificha. Fomu yako ichane."

"Bibi, kwa nini?" Nilikuwa nimeshasimama, nalia na kufoka kwa pamoja, ndivyo nilivyo. "Tulikuwa tumeshapita! Ulikuwa umeshapata mto wako! Mimi nimepata mafua kwa ajili yako!"

"Kaa chini, mke mwenzangu. Jana ulipiga filimbi moja, na wote wakaamini wakaendelea kula mayai. Siku nikivunjika kweli kule juu, hawa wataamini filimbi gani?" Akavuta kiti chake. "Na kosa si lako. Ningeweza kukwambia upige mbili. Nilinyamaza."

Mama akasukuma sahani yake kando. "Kwa nini ulinyamaza, Mama?" akauliza.

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Wewe na daftari lako. Maji sikuyaogopa hata kidogo. Nilikaa mle ndani nikawaza, nimezaa watoto wawili wazuri, nimewasomesha, na sasa najificha wasinione, kama mtoto aliyevunja kikombe."

Mama akaanza kukusanya sahani. Watu walikuwa bado wanakula. Alichukua ya Babu, akachukua ya Kasuku ikiwa na nyama yote, akazipanga moja juu ya nyingine, akasimama nazo katikati ya chumba bila kwenda jikoni. Sijawahi kumwona Mama hajui aende wapi. Nilitaka kumkumbatia na nilikuwa bado nimemkasirikia.

Mjomba ndiye aliyekohoa. Alikuwa ameufungua ule utepe, anauviringa kidoleni. "Kwa utaratibu wetu," akasema, "mwanafunzi akifeli anarudia baada ya siku kumi na nne."

"Na akifeli tena?" akauliza Mama, ametupa mgongo.

"Anarudia tena. Nina mwalimu mmoja wa hesabu amefeli mara tisa. Sasa hivi anaendesha vizuri tu, mradi asirudi nyuma. Sijawahi kumfukuza mtu, Dada. Fomu hata haina sehemu ya kuandika hivyo."

Babu akasema kama nyama itarudi mezani yeye angependa kuendelea.

Siku kumi na nne zikapita, tukapanda tena sote, safari hii bila koni. Mama alikuja na nguo kavu za Bibi kwenye mfuko, na taulo mbili. Presha hakupima. Tukapita kona pamoja, wao wakakaa kimya nyuma ya mawe kama tulivyowafundisha, hata Kasuku, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yake yote miwili. Bibi alivua nusu saa. Alipata mmoja mdogo akamwachia. Alipokuwa anavuka kwenda upande wa kivuli, jiwe likageuka, akaanguka kwa magoti, mikono ikazama mpaka viwikoni.

Nilipiga filimbi mbili kwa nguvu zangu zote, ingawa walikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Mama ndiye aliyefika wa kwanza, ameingia na viatu vyake vyeupe vya kazini. Akamtia Bibi mikono kwapani, akamsimamisha, akamwangalia magoti, akamfuta maji usoni kwa ncha ya gauni lake mwenyewe. Walisimama hivyo katikati ya mto, Mama akitweta zaidi ya Bibi.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

Mjomba alikuwa ameshatoa fomu na kalamu, anasubiri. Mama hakumtazama. Aliokota ufito uliokuwa umekwama kati ya mawe mawili, akautikisa maji, na akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia Bibi tangu ile sabuni ya bafuni. Alimuuliza swali, akasubiri jibu.

"Tunaendelea, Mama, au turudi nyumbani?"

"Tunaendelea," akasema Bibi, na akanyoosha mkono apewe ufito.